Chupa Mbili za Chumba 7218

Mzee Merv Haddrell alikuwa akipumua mara saba kwa dakika, na Unaisi Ravouvou hakuipenda hesabu hiyo hata kidogo.

"Mtu mzima anapumua mara ngapi, Daktari?"

"Kumi na mbili. Kumi na tano. Wewe sasa hivi unapumua thelathini," alisema Daktari Vosloo bila kuinua macho kutoka kwenye mashine. "Huyu amekunywa, lakini si pombe peke yake. Tazama alivyolegea. Kuna dawa ya usingizi humu, na si kidonge kimoja."

"Yake mwenyewe?"

"Nimepekua mfuko wake wa dawa. Vidonge vya presha na mafuta ya kuchua goti. Basi."

Unaisi alikuwa ofisa usalama wa meli ya Coral Meridian, mwaka wake wa sita sasa. Kabla ya hapo alikuwa sajini wa polisi kule Suva kwa miaka kumi na minne, na wafanyakazi wote, kuanzia jikoni hadi kwa nahodha, walimwita Sajini. Aliinua chupa iliyokuwa kwenye meza ya chuma, akaishika kwa leso. Ramu nyeusi, chupa kubwa ile ya lita moja na kidogo wanayouziwa wasafiri bila ushuru. Ilikuwa imepungua vidole vitatu tu. Shingoni ilikuwa na lebo ya manjano ya stoo ya meli, imeandikwa 7218 kwa kalamu ya wino mzito. Aliigeuza kwenye mwanga. Chini kulikuwa na unga mweupe, kidogo, unaotaka kutulia.

Mlangoni alisimama Rodel, mhudumu wa vyumba vya ghorofa ya saba, anafinya kofia yake. Ni yeye aliyemkuta mzee saa nane na robo, alipopeleka vibandiko vya mizigo kwa ajili ya kushuka Brisbane kesho asubuhi. Alimkuta kwenye kiti, kikombe kiko miguuni, akadhani amesinzia kama wenzake.

"Chupa hii uliipeleka wewe?"

"Mimi, Sajini. Saa sita na nusu, pamoja na za wengine wote. Mzee akafurahi mno. Akasema hakuagiza, lazima ni zawadi ya kampuni kwa vile amesafiri nasi mara nyingi. Akanipa mkono. Chupa mbili mara moja, si mchezo."

Unaisi aliishusha chupa taratibu. "Umesema mbili?"

"Mbili, Sajini. Niliziweka mezani kwa mikono yangu."

"Chumbani kulikuwa na moja."

Daktari Vosloo aliinua kichwa kwa mara ya kwanza.

"Nikwambie kitu, Una," alisema. "Huyu ana bahati kwa sababu ya vibandiko vya mizigo. Kama chupa ya pili ina kitu hiki hiki, na aliyenayo ni mtu wa miaka sabini na tano amejifungia ndani, ametundika kibao cha msinisumbue, basi tutamkuta wakati wa chakula cha jioni. Na hatakuwa na haja nacho."

Unaisi alitazama saa. Saa tisa kasoro dakika tano. Saa hiyo, siku ya mwisho baharini, abiria elfu moja na mia nane wa Coral Meridian walikuwa wanafanya kile wanachokifanya vizuri kuliko kitu kingine chochote, nacho ni kulala usingizi wa mchana.

* * *

Alianza na chumba 7218. Kitanda hakikuguswa. Kwenye meza palikuwa na duara mbili za unyevu pale chupa zilipokaa, zimeachana kama urefu wa mkono. Ndani ya pipa la taka kulikuwa na karatasi moja iliyokunjwa, mwandiko wa mzee unaotetemeka: *Kwa washindi. Msimalize yote.* Neno la mwisho lilikuwa limekatwa, pengine aliharibu akaandika nyingine.

"Washindi wa nini?" alimuuliza Rodel.

"Sijui, Sajini. Mzee anashindana kila kitu. Juzi alishinda kofia kwenye mchezo wa matufe."

Unaisi alibonyeza redio. "Tek, panda juu kwenye uwanja wa matufe. Ulizia kama kuna mtu amepewa chupa ya ramu. Lebo ya manjano. Akiwa ameifungua, mpokonye. Akibisha, mpokonye vile vile."

"Sawa, Sajini," ilijibu sauti ya Tekraj, mlinzi wake, na nyuma yake tayari ilisikika miguu ikikimbia.

Kisha akampigia nahodha, na nahodha, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, akatangaza kwa vipaza sauti kwamba yeyote mwenye chupa ya ramu yenye lebo 7218 asiinywe, apige simu mapokezi. Unaisi alisimama koridoni akasikiliza tangazo likipita juu ya milango iliyofungwa. Nusu ya abiria walikuwa wamelala, na nusu iliyobaki walikuwa wamevua vifaa vyao vya kusaidia kusikia. Hakuna aliyepiga.

* * *

Kwenye stoo ya pombe za abiria, karibu na mlango wa ngazi ya kushukia, alikuta kesi imeshahukumiwa. Graeme Tulloch, meneja wa huduma zote za abiria, alikuwa amesimama kifua mbele. Mbele yake, kwenye kreti lililopinduliwa, aliketi mtunza stoo Morris Naupa, mtu wa kisiwa cha Efate, mpole mpaka anaudhi.

"Nimekurahisishia, Unaisi," alisema Tulloch. "Ufunguo anao yeye. Chupa zilikuwa kwake siku nane. Mfungie, kesho tunamkabidhi."

"Funguo ziko mbili, bwana Tulloch. Wa pili unao wewe."

Tulloch aligusa mfuko wa suruali yake.

"Morris," alisema Unaisi, akavuta kreti lake na kuketi, magoti yao yakikaribia kugusana. "Niambie pole pole. Chupa za 7218."

"Dada Una, mimi nilipokea, nikafunga lebo, nikaweka rafuni. Sikuzigusa tena mpaka leo."

"Ulipokea lini?"

"Jumamosi ile, Brisbane. Siku ya kupokea wageni wapya. Lakini huyu hakuwa mgeni mpya, alikuwa muunganishaji."

Waunganishaji ndio jina ambalo wafanyakazi waliwapa abiria wasioshuka. Safari inaisha, wenzao wanaburuta masanduku kwenda nyumbani, wao wanabaki kwa safari inayofuata, na inayofuata tena. Pombe iliyonunuliwa bandarini haikai na abiria; huchukuliwa mlangoni, hufungiwa stoo, na hurudishwa siku ya mwisho. Na kwa waunganishaji, siku ya mwisho ilikuwa siku ya mwisho ya safari yao ya mwisho. Chupa zao zilikuwa zikikaa rafuni hata miezi miwili, zinapata vumbi kwa raha zao.

"Ilikuwa hivyo zamani," alisema Morris, akamtupia jicho meneja. "Siku hizi bosi kaleta utaratibu mpya. Kila safari ikiisha tunawarudishia wote. Waunganishaji wanazibeba chupa zao, wanashuka nazo, wanapita Forodha, wanazunguka, wanapanda, wananikabidhi upya. Foleni ilikuwa ya watu mia tatu, dada. Mia tatu! Wote wananiambia namba kwa wakati mmoja."

"Forodha ndio waliotaka hesabu ifungwe kila safari," alidakia Tulloch. "Utaratibu ni sahihi."

"Hakuna aliyesema si sahihi. Nipe kitabu, Morris."

Alipitisha kidole kwenye ukurasa wa Jumamosi. *7218, ramu, mbili.* Pembeni sahihi, kubwa, ya mtu anayejipenda: herufi ya kwanza K, halafu S, halafu mkia mrefu. Unaisi aliitazama mpaka ikamchekesha bila furaha.

"Merv Haddrell anaanza na K tangu lini?"

Tulloch alisogea, akainama.

"Na tazama hapa," aliendelea, akatoa chupa kwenye mfuko wa plastiki. "Hii plastiki ya shingoni. Upande huu imenyooka, upande huu imejikunja. Imepigwa joto, ikalegea, ikavuliwa, ikarudishwa kwa joto tena. Kazi ya subira. Bwana Tulloch, nionyeshe soketi ya umeme humu ndani."

Meneja alizungusha macho. Kulikuwa na rafu, chupa, kufuli na baridi ya kutosha kutunzia samaki. Soketi haikuwepo hata moja.

"Niliomba hita mwaka jana," Morris alisema kwa upole. "Nikaambiwa hakuna pa kuchomeka."

Unaisi alikuwa ameshainuka. Alipiga simu mapokezi na kuuliza swali moja: safari iliyopita, chumba 7218 alilala nani? Alisubiri, akaandika kwenye kiganja: Stubberfield, Kevin na Noeline. Safari hii, ya tano mfululizo, wamehamishiwa 9104.

"Sajini," redio iliita. Ilikuwa Tekraj, anahema. "Hapa kwenye matufe hakuna ramu. Mshindi kapewa taulo, na analalamika."

Saa tisa na dakika ishirini. Mahali fulani ndani ya meli hii mtu alikuwa anatafuta glasi.

* * *

"Hatimaye!" alisema mtu aliyefungua mlango wa 9104. "Mmeleta?"

Kev Stubberfield alikuwa na mwili wa mtu aliyewahi kuwa na nguvu na hataki isahaulike. Kaptura, soksi nyeupe mpaka magotini, na fulana ya zambarau yenye maandishi kifuani: MAGOTI MABOVU.

"Kuleta nini, bwana Stubberfield?"

"Chupa zangu, dada yangu! Wenzangu wote wameshapata tangu mchana, mimi nimekaa hapa kama yatima. Zile mbili. Na msinitume baa. Dola kumi na nne kwa kidole kimoja cha ramu, huo ni wizi wa mchana kweupe. Tangu nipande meli hii baa haijaona senti yangu."

"Haijaona," alisema mwanamke aliyekuwa akikunja nguo kitandani. Alisema kama anayethibitisha hali ya hewa.

"Ulipozikabidhi, ulitaja chumba namba gani?"

"Hiki hiki. Tisa moja..." Alisita, mkono ukapaa ukajipiga kwenye paji. "Mungu wangu! Saba mbili moja nane! Siku arobaini na sita nimelala humo, ulimi umezoea. Noelie, unasikia? Nimewapa namba ya zamani!"

Noeline hakugeuka. Aliendelea kukunja shati lile lile alilokuwa ameshalikunja. Runinga ukutani ilikuwa wazi bila sauti, ikionyesha ukumbi wa burudani ambako watu walikuwa wanavuta viti. Yeye alikuwa mwembamba, wa miaka sitini na kitu, na ingawa chumba kilikuwa na joto la kutosha, alivaa mikono mirefu iliyofungwa vifungo mpaka kwenye viganja.

"Zilipelekwa huko," alisema Unaisi. "Mzee anayekaa humo sasa amekunywa kutoka kwenye moja. Yuko hospitali ya meli."

"Amekunywa kiasi gani?" aliuliza Kev.

"Anapumua?" aliuliza Noeline.

Maswali yote mawili yalitoka kwa pamoja. Unaisi alijibu la kwanza, kwa sababu alitaka muda wa kulifikiria la pili.

"Vidole vitatu."

"Basi mtanilipa chupa nzima. Si mali yake." Kev alitazama saa, akanyakua kofia. "Nitapita mapokezi niwaambie ukweli wao. Maswali yamekwisha, zawadi zinatolewa sasa hivi, wenzangu wananisubiri. Noelie, huyu akitaka kuandika chochote, usisaini."

Mlango ulijibamiza nyuma yake. Unaisi alisubiri mpaka nyayo zilipokwisha koridoni. Kisha alivuta droo ya meza ya kujipambia, akaitazama mashine ya kukaushia nywele iliyokuwemo. Kila chumba cha meli kilikuwa nayo moja.

"Bibi Noeline," alisema. "Nilisema mtu yuko hospitali. Sikusema ana nini. Anaweza kuwa anaharisha, anaweza kuwa ameanguka. Wewe umeuliza kama anapumua."

Mwanamke aliketi kitandani, juu ya mashati.

"Anapumua?" alirudia, na safari hii sauti ilivunjika.

"Mara saba kwa dakika. Vidonge vingapi?"

"Kumi na viwili. Kila chupa."

"Zote mbili?"

"Zote mbili." Alifunika uso, akaufunua. "Sikutaka afe. Kev ni mkubwa, mwanangu, umemwona. Anakunywa chupa nzima usiku mmoja na bado anasimama. Nilitaka alale tu. Alale kabla hajafika pale... kabla hajageuka. Basi."

Unaisi alijua angepaswa kuuliza maswali yake kwa mpangilio. Lakini saa ilikuwa inakimbia.

"Chupa ya pili iko wapi?"

"Ningejua ningekuficha? Nakuapia sijui! Nilidhani zote ziko stoo."

"Kwa nini ulidhani hivyo?"

Noeline alifungua kifungo kimoja cha mkono wa kushoto, akakifunga tena, lakini Unaisi alikuwa ameshaona rangi ya kijani na manjano ya jeraha la siku nane au tisa.

"Kwa sababu nilimsikia," alisema. "Pale kwenye foleni. Akasema saba mbili moja nane. Nilikuwa nimesimama kando yake, nikasikia, na nikajua si chumba chetu tena. Nikanyamaza. Nikasema moyoni, acha zipotee. Acha zikose mwenyewe. Hata sikufikiria kwamba kuna mtu atalala humo. Unajua unapokaa mahali siku arobaini na sita, unaona ni pako. Sikufikiria kuna mtu."

"Safari tano mfululizo," alisema Unaisi. "Ni nani kati yenu anayezipenda hivyo?"

"Mimi ndiye niliyezilipia. Pesa za nyumba ya mama." Noeline alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Kev ana mkono wa birika. Baa hagusi. Ananunua chupa bandarini, mnamnyang'anya mlangoni, mnafunga. Anakasirika, lakini anafurahi pia, maana anajua zinamsubiri siku ya mwisho. Na mimi nikagundua kwamba kama kuna safari nyingine mbele, siku ya mwisho haifiki. Nikalipia ya pili. Nikalipia ya tatu. Alikuwa mtu mwingine kabisa, mwanangu. Tulicheza dansi. Halafu ikaja karatasi chini ya mlango: utaratibu mpya, kila mtu atarudishiwa chupa zake leo. Zilikuwa tatu. Moja akaimaliza usiku ule ule."

Aliutazama mkono wake wa kushoto. Hakuhitaji kuongeza neno.

"Asubuhi akiwa amelala nikazifungua zile mbili zilizobaki. Nilifikiri, siku ya mwisho ijayo nitakuwa tayari."

Unaisi alihisi hasira, na haikuwa kwa mwanamke huyu peke yake. Lakini Merv Haddrell alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, naye hakumpiga mtu. Aligeuka kuelekea simu, na macho yake yakapita kwenye runinga.

Ukumbi wa burudani ulikuwa umejaa. Msichana mwenye kipaza sauti, Tahlia wa michezo, alikuwa anasoma majina kwenye kadi huku watu wakipiga makofi kimya kimya nyuma ya kioo. Zilikuwa zawadi za chemsha bongo ya mwisho wa safari. Mbele ya Tahlia kulikuwa na meza, na juu ya meza kofia mbili, taulo moja, na chupa kubwa ya ramu nyeusi. Shingoni ilikuwa na kitu cha manjano, na kadi ndogo.

*Kwa washindi.*

Watu wanne wenye fulana za zambarau waliinuka wakikumbatiana. Wa mbele alikuwa na soksi nyeupe mpaka magotini.

"Usitoke humu," alisema Unaisi, na alikuwa koridoni kabla hajamaliza kusema. "Tek! Shuka 9104, simama mlangoni. Haingii mtu, hatoki mtu. Mtu yeyote!"

Tangazo la nahodha halikuwa limefika kule. Wakati wa maswali Tahlia huzima vipaza sauti vya ukumbi ili wazee wasipate kisingizio. Lifti ilionyesha namba kumi na mbili, haina haraka. Unaisi alichukua ngazi. Ghorofa ya tisa, ya nane, ya saba, viatu vikipiga chuma, mkono ukiteleza kwenye kishikio cha shaba. Mwanamke mwenye kigongo alimpisha akamwambia, "Taratibu, mama, chakula hakikimbii!" Ghorofa ya sita. Milango ya vioo.

Vikombe vinne vya karatasi vilikuwa vimepangwa, vimejaa nusu. Kev alikuwa ameinua cha kwake.

"Kwa Magoti Mabovu!"

"Shusha!" Sauti ile haikuwa imetoka kifuani mwake tangu Suva. "Hakuna anayekunywa! Shusheni vikombe mezani, wote, sasa hivi!"

Ukumbi mzima uliganda. Kikombe kimoja kilianguka. Unaisi alifika mezani, akaviweka vyote kwenye sinia mbali na mikono yao, akawaangalia midomo mmoja mmoja. "Nani amekunywa? Nani ameonja?"

"Mimi nimelamba kidole," alisema mzee mmoja, mtiifu kama mwanafunzi.

Alipelekwa hospitali akiwa amesindikizwa na Tahlia, analalamika kwamba ni kidole tu. Unaisi aliifunga chupa, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, na hapo ndipo mkono mpana ulipomshika kifundo cha mkono.

"Hiyo ni yangu," alisema Kev. Alikuwa ametoa macho, furaha na hasira vikigombana usoni. "Tazama lebo! Saba mbili moja nane. Nimeshinda chupa yangu mwenyewe! Nipe."

"Achia mkono wangu, bwana Stubberfield."

"Nasema ni yangu."

"Nimesikia. Achia."

Aliuachia, kidole kwa kidole. Wenzake walikuwa wamerudi nyuma hatua moja, na Unaisi aligundua kwamba hawakushangaa kumwona hivyo. Walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Kuna nini humo ndani?" aliuliza Kev.

"Uchunguzi unaendelea."

"Yule mzee ana nini? Kalala?" Aliisema kwa dhihaka, halafu dhihaka ikaganda mdomoni. Alitazama vikombe kwenye sinia, akatazama dari, kama anayehesabu ghorofa. "Vidonge vya usingizi," alisema pole pole. "Noelie ana vidonge vya usingizi."

Akageuka, akaelekea kwenye lifti.

* * *

Unaisi alitangulia kufika kwa sababu lifti ilikuwa bado haina haraka. Tekraj alikuwa amesimama mbele ya 9104 kama mlango wa pili. Ndani, Noeline alikuwa ameketi pale pale, amevaa koti, mkoba mdogo magotini.

"Tumeipata," alisema Unaisi. "Hakuna aliyekunywa. Na daktari kaniambia sasa hivi kwenye redio, Haddrell anapumua mara kumi. Kafungua macho akauliza nani kashinda."

Noeline alilia bila sauti, mabega tu. Alipomaliza alijifuta kwa kiganja na kusimama.

"Kesho polisi watakuwa bandarini?"

"Saa kumi na mbili asubuhi. Nitawaeleza yote. Ya chupa, na ya mkono wako pia, nitaandika kwa mkono wangu. Lakini ya chupa siwezi kuyaacha."

"Usiyaache. Na sasa? Unanifungia?"

"Lazima. Kuna chumba cha mahabusu chini, jirani na stoo ya Morris."

"Kufuli liko nje au ndani?"

"Nje."

"Vizuri," alisema Noeline.

Walishuka kwa ngazi za wafanyakazi, ambazo abiria hawazijui. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda, choo na tundu la dirisha. Ukutani upande wa pili zilisikika chupa zikigongana taratibu rafuni kila meli ilipoyumba. Noeline alizisikiliza, akaketi, akaweka mkoba kando. Kwa mara ya kwanza alasiri ile alikunja mikono ya shati lake mpaka kwenye viwiko.

Kutoka mbali, mwisho wa korido, sauti ya mwanamume ilikuwa ikiuliza kila mlango mke wake amepelekwa wapi.

"Ufunguo anakaa nao nani?" aliuliza Noeline.

"Mimi."

"Atakuja. Atasema mimi ni wake." Alimtazama Unaisi machoni. "Usimpe."

Unaisi alifunga mlango, akazungusha ufunguo mara mbili, akautia mfukoni. Kisha akasimama pale pale, mgongo kwenye mlango, akamsubiri.